Simu ya Bure Nyumbani kwa Mkunga

Siku ambayo Nondo alimvunja Fundi Waya vidole viwili, asubuhi yake ilianza kwa vicheko.

Fundi Waya alikuwa mwanamke wa miaka thelathini na nane, mwembamba, mwepesi wa miguu na wa maneno, na kazi yake ilikuwa kutengeneza kompyuta za watu majumbani na maofisini. Jina hilo alipewa na wateja, kwa sababu hakuonekana popote bila begi lililofura nyaya. Hakuwa mtu wa ugomvi hata kidogo. Tangu utotoni, wenzake walipoanza kukunja ngumi yeye alikuwa ameshafika kwao na kufunga mlango. Mwenyewe alisema bila haya, "Mungu alinipa mbio, ngumi akawapa wengine."

Saa tatu asubuhi alipiga hodi kwa Mama Mkunga. Mama huyu alikuwa amestaafu miaka miwili nyuma, baada ya kuzalisha karibu nusu ya mtaa. Watu wazima wenye ndevu zao walimpisha njia kwa aibu, maana aliwajua kabla hawajavaa nguo.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Ingia, ingia haraka. Viatu acha tu, sakafu yenyewe imechoka kuliko viatu vyako."

Kompyuta ilikuwa kwenye meza ya pembeni, sebuleni, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama sahani ya mgeni aliyechelewa. Zahanati aliyofanyia kazi ndiyo iliyompa siku ya kumuaga.

"Uliiwasha lini mara ya mwisho?" Fundi Waya aliuliza huku akifunua.

"Siku ileile walipoileta. Ikalia ti! Nikaizima. Nilijua nimeshaivunja."

Walicheka wote wawili. Kisha mama akavuta kiti, akakaa karibu, akapunguza sauti ingawa ndani ya nyumba hamkuwa na mtu mwingine. "Nataka ile simu ya bure. Ile ya kuonana uso kwa uso. Inawezekana kwenye hii?"

"Inawezekana, mama. Ikiwa nzima tu, na intaneti nimekuja nayo."

"Basi iwezeshe. Ila umalize kabla ya saa nane."

"Saa nane kuna nini?"

"Kuna mwanangu mkubwa anarudi kutoka kazini."

Fundi Waya alidhani ni habari ya kumshtukiza kwa furaha, akatabasamu, akafungua kifuniko cha ubavuni. Ndani kulikuwa na vumbi la kufuga kuku. Alilipuliza nje ya mlango wa uani, akachomoa kadi ya kumbukumbu ya mashine, akaifuta miguu yake ya dhahabu kwa kifutio cha penseli, akairudisha. Chini ya meza akaweka kisanduku chake cha betri, kile kinachoshika kompyuta isizimike umeme ukikatika. Kilikuwa kizito kama tofali la saruji, na alikibeba kila mahali kwa sababu hakuuamini umeme wa mtaa wowote.

Akiwa anafanya kazi, macho yake yalitembea. Mlango wa chumbani ulikuwa na kalenda ya mwaka juzi iliyobandikwa chini mno, usawa wa kifua, na pembeni mwake ubao ulionekana umepasuka. Kabati la vyombo halikuwa na kioo. Vikombe vinne vilivyopangwa humo, hata kimoja hakikuwa na mkono. Na mama mwenyewe alipomkabidhi chai alitumia mkono wa kushoto, wa kulia ukiwa umepinda kidogo kwenye kifundo.

"Mkono umefanya nini, mama?"

"Bafuni. Niliteleza."

Alijibu upesi mno, kama mwanafunzi aliyekariri. Fundi Waya aliona, akarudi kwenye nyaya zake. Kwenye kazi yake unaingia nyumba za watu, na mambo ya ndani huyaachi yakushike nguo.

Kompyuta iliwaka kwenye jaribio la tatu. Sauti haikutoka, akatafuta programu ndogo ya kuendeshea sauti, akaiweka, akachomeka spika mbili kubwa ambazo mama alizitoa chini ya kitanda, mabaki ya redio ya marehemu mumewe. Akabana kamera juu ya kioo. Akachomeka modemu, na programu ya kupigia simu ikaanza kushuka taratibu, asilimia moja baada ya nyingine.

Ni wakati wa kusubiri huko ndipo mama alipoeleza. Alikuwa na watoto wawili wa kiume. Mkubwa, huyo Nondo, alifanya kazi yadi ya vyuma chakavu. Jina lilitokana na kukunja nondo kwa mikono ili wenzake washangae. Mdogo aliondoka miaka tisa iliyopita. Mama alikuwa kwa dada yake, anamuuguza, wiki mbili. Kurudi, akaambiwa na Nondo kwamba mdogo kapata kazi nje ya nchi, kaondoka kwa hasira, hataki kusikia habari ya mtu.

"Hakuaga. Hakuandika. Mtoto ambaye hata akienda dukani aliniaga." Mama alikunja pindo la kanga. "Nikanunua simu, ikaanguka kutoka mkononi mwa Nondo. Nikanunua nyingine, nayo ikaanguka. Nikaacha kununua."

Wiki iliyopita, mtu aliyesoma na huyo mdogo alirudi kutoka safari, akampitia mama sokoni, akamwachia kipande cha karatasi. Alimkuta mwenzake kwenye mji wa mbali, anafanya kazi kiwanda cha mikate. Kwenye karatasi kulikuwa na jina analotumia kwenye simu za intaneti. Mama aliitoa karatasi hiyo kwenye soksi. Ilikuwa imeandikwa: mwanawamkunga.

Fundi Waya alilisoma mara mbili. "Mama, mtu aliyekukasirikia hajiiti hivi."

"Ndicho nilichosema na mimi."

Wakafungua akaunti. Kwenye neno la siri mama alitaja tarehe ya kuzaliwa mdogo, saa na dakika pia, maana alijizalisha mwenyewe, hakusubiri mtu. Fundi Waya akapiga simu ya majaribio kwenda kwenye simu yake ya mkononi, na mama, aliposikia sauti yake inatoka kwingine, akaruka kitini. "Haloo! Kumbe nina sauti mbaya hivi? Na hamkuniambia miaka yote?"

Kabla ya kumpigia mwenyewe, Fundi Waya aliona bora ahakikishe jina ni sahihi. Akamtafuta kwa akaunti yake mwenyewe, ya kwenye simu ya mkononi, akamwandikia: Mimi ni fundi, niko na mama yako, anataka kukuona.

Jibu lilikuja papo hapo. Mama yangu yupi?

Mkunga.

Kisha: Nondo yupo hapo?

Hayupo.

Pigeni sasa hivi.

Fundi Waya aligeuka amuulize mama habari ya Nondo. Lakini mama alikuwa ameshaweka kidole kwenye kipanya, na alibonyeza mwenyewe.

Simu iliita mara mbili. Kioo kikawa cheusi, kikatoa chengachenga, kikajijenga vipande vipande mpaka sura ya mwanamume ikakaa sawa, mwenye kofia nyeupe ya kiwandani na unga kwenye nyusi. Yaani kwenye unyusi mmoja. Upande wa kushoto hapakuwa na unyusi, wala jicho. Palikuwa na ngozi iliyovutwa na kushonwa, na kovu lililoshuka mpaka shavuni kama ufa wa ukuta.

"Mama," alisema.

Mama aliinua mkono uliopinda, akagusa kioo pale palipokosekana jicho. "Mwanangu, jicho lako liko wapi?"

Mdogo alisogea karibu na kamera. "Hukuambiwa?"

"Niambiwe na nani?"

Akaeleza. Hakulia, alieleza kama mtu anayesoma mita. Wiki zile mbili mama alipokuwa kwa dada yake, yeye mdogo alimwambia kaka yake ahame nyumba, kwa sababu mama alikuwa ameanza kumwogopa, anashtuka kila geti likilia. Nondo alichukua pau ya chuma ya kukingia mlango. Pigo la kwanza lilimpata begani, la pili usoni. Alipoanguka alipigwa ubavuni mpaka akaacha kuhesabu. Aliamka kwenye mtaro nyuma ya soko, amefunikwa gunia. Hospitali walimshona, jicho walilitoa. Nondo alimfuata hukohuko wodini, akakaa kitandani, akamenya chungwa, akamwambia kwa upole: ukirudi, au ukipiga simu, au ukiandika, nilichokufanya wewe nitamfanya mama.

"Nilimwamini, mama. Ungemwona alivyokuwa anamenya lile chungwa, na wewe ungemwamini."

Mama alishusha mkono kutoka kwenye kioo. Spika zilinguruma polepole. Kisha akasema, si kwa kompyuta wala kwa Fundi Waya, "Nimempakulia chakula kila siku. Miaka tisa nampakulia, namwambia kula mwanangu, kazi yako nzito."

Ilikuwa saa tano na nusu. Geti lililia.

Nani alimwambia, haikujulikana. Labda mtu alipita yadi akasema kuna mwanamke kaingia kwenu na begi la nyaya. Nondo aliingia akiwa na mavazi ya kazi, glavu nene za ngozi bado mikononi. Alijaza mlango. Fundi Waya alimtarajia mtu wa kufoka, lakini sauti iliyotoka ilikuwa laini, karibu ya kubembeleza.

"Shikamoo, mama. Tuna mgeni?"

Kisha akaona kioo. Akasogea, akainama mbele ya kamera kama mtu anayejitazama kwenye kioo cha kunyolea. Ndugu wawili wakatazamana.

"Kumbe lile moja bado linaona," Nondo alisema.

Mama alisimama. Alimfikia mwanawe kifuani tu. "Ulimtoa mtoto wangu jicho."

"Na mimi ni mtoto wa nani?" Nondo aliuliza. "Hebu niambie. Mimi niliyebaki. Mimi ninayekuletea mkaa, ninayeziba paa. Kila siku umekaa dirishani unamngoja huyu. Mimi ni mtoto wa nani, mama?"

"Ulimtoa jicho ukamtupa mtaroni."

Kofi lilitua kabla sentensi haijaisha, na kwa glavu ile halikuwa kofi. Mama aliruka upande, akaligonga kabati kwa bega, vikombe vikamwagika na kupasuka, na yeye akaenda chini juu ya vigae vyake. Kwenye spika mdogo alipiga ukelele. Nondo alimwinua mama kwa ukosi wa gauni, akampiga tena, safari hii mdomoni, na kitu cheupe kikadunda sakafuni.

Fundi Waya hakuamua. Miguu iliamua. Alijikuta ameshapita jikoni, ameshafungua mlango wa uani, ameshapanda pipa na kuruka ukuta, goti limechubuka, yuko barabarani anakimbia na jua la mchana limemwakia utosini. Begi aliliacha. Alikimbia mpaka kona ya duka la vifaa vya shule, akashika ukuta, akatapika chai ya Mama Mkunga.

Simu ikaita mfukoni.

Alipopokea, ile sura ya jicho moja ilijaa kwenye kioo kidogo. Nyuma yake zilisikika kelele za sebule aliyoikimbia, maana kule mdogo alikuwa na mashine mbili, moja bado ikionyesha sebule ya mama yake.

"Dada, umetoka? Dada, nisikilize. Anampiga. Ninaona. Sina mtu mwingine huko, simjui mtu, sina namba ya mtu. Ni wewe tu."

"Mimi siwezi," Fundi Waya alisema. "Nisamehe, kaka. Siwezi kupigana."

"Anamvuta nywele," mdogo alisema. "Anamleta kwenye kamera. Dada, anamleta ili nione."

Fundi Waya alikata simu. Alisimama hapo kwa muda ambao baadaye hakuweza kuupima. Wanafunzi wawili walipita wakitafuna miwa, wakamtazama, wakaendelea. Kisha akageuka, akarudi alikotoka, akitembea kwanza, halafu mbio.

Mkabala na nyumba ya mkunga kulikuwa na karakana ya kuchomelea vyuma. Mafundi watatu walikuwa kazini, na kelele za sebuleni zilivuka barabara waziwazi.

"Anamuua mama yake!" aliwaambia. "Njooni!"

Mkubwa wao aliinua kinyago cha kuchomelea, akamtazama, akatazama nyumba. "Kila wiki ni hivyo, dada. Ukimwingilia leo, kesho anakufuata wewe. Nina watoto."

"Si mama huyu ndiye aliyekupokea ulipozaliwa?"

Mwanamume alishusha kinyago, lakini hakuwasha moto.

Basi aliingia peke yake. Getini alisikia spika zinavyotetemeka. "Mwache! Niko huku! Nakuja, Nondo, nakuja unimalize mimi, mwache mama!" Na sauti laini ikijibu, "Tazama vizuri. Si mlitaka kuonana? Onaneni." Kutoka mlango wa mbele Fundi Waya alimwona Nondo kwa mgongo, amemshika mama nywele, amemkandamiza uso karibu na kamera kiasi kwamba damu ilipaka lenzi. Mkono wa kulia wa mama ulining'inia kama usio wake.

Alikuwa amelenga kuingia kimyakimya. Lakini kigae kililia chini ya kiatu, Nondo akageuka, akamwachia mama, na kwa hatua mbili akaufikia mlango wa chuma, akausukuma ufunge. Mkono wa kushoto wa Fundi Waya ulikuwa kwenye fremu. Alisikia mlio kabla ya maumivu, mlio wa kuni kavu. Mlango ulidunda, ukafunguka, na yeye akaangukia ndani, kidole cha pete na cha mwisho vimekaa kuelekea kusikotakiwa.

Nondo alimpiga teke la mbavu. Pumzi yote ikamtoka. Teke la pili lilimsukuma mpaka chini ya meza, na hapo, sentimita chache kutoka usoni mwake, taa ndogo ya kijani ya kisanduku cha betri ilikuwa inawaka kwa utulivu.

Alijua akikichomoa kompyuta itazimika. Yule wa mbali hataona tena kitu, hatajua nani kafa nani kapona. Sauti yake ilikuwa bado inalia juu ya meza. Fundi Waya aliingiza mkono wa kulia kwenye mshikio na akavuta kwa nguvu zote. Nyaya zikang'oka. Sauti ikakatika katikati ya neno "mama".

Nondo alikuwa ameinama amshike mguu. Fundi Waya alimpiga kwa kisanduku kwenye goti, kwa upande, na goti likaenda ndani. Jitu zima likaporomoka huku likimvutia nguo, uso ukashuka karibu na wake, macho yamemtoka kwa mshangao kama ya mtoto aliyenyang'anywa kitu. Akampiga kichwani. Glavu ikamkamata shingo na kuanza kubana. Akampiga tena, glavu ikalegea. Akapiga tena. Damu ya moto ilimrukia kidevuni. Mfukoni simu ilikuwa inaita, inaita, ikikatika inaanza upya, na kwa kila mlio yeye alinyanyua kile kisanduku na kukishusha, mpaka akasikia sauti nyuma yake.

"Basi. Basi, mwanangu. Amelala. Basi."

Mama Mkunga alikuwa amekaa sakafuni, ameegemea mguu wa kiti, mdomo umejaa damu. Fundi Waya aliachia kisanduku.

Mafundi wa karakana waliingia wakati huo, wote watatu, mmoja na koleo mkononi. Kelele walikuwa wamezizoea. Kilichowaleta ni kimya.

Walisimama mlangoni wasijue waanzie kwa nani. Ikawa mama, mwenye bega lililovunjika, ndiye aliyewapanga, kwa sauti ileile aliyotumia miaka thelathini kwenye chumba cha uzazi. "Wewe, tafuta gari. Wewe, nenda polisi, usitume mtu, nenda mwenyewe. Na wewe mgeuze huyo alale ubavu. Ubavu, nimesema! Hivyo alivyo atasongwa na damu yake."

"Mama, huyu?" aliuliza yule mkubwa wao.

"Mgeuze."

Akamgeuza Nondo ubavu. Damu ikamtoka mdomoni, akakoroma, akaanza kupumua. Simu ya Fundi Waya ilikuwa bado inaita. Fundi wa koleo, kabla hajatoka, aliitoa mfukoni mwa mwenyewe Fundi Waya, akaipokea, akaishika mbele ya uso wa mama.

"Nipo," mama alisema kwa midomo iliyovimba. "Usilie. Nipo hai. Na ndugu yako yupo hai."

Kule mbali mdogo alionekana amevua kofia, amejifunika nayo uso.

Mama alilazwa wiki tano. Bega liliunganishwa kwa bamba la chuma, mkono uliopinda ukavunjwa upya ili unyooshwe, na meno mawili hayakurudi. Fundi Waya alitiwa pini kwenye vidole. Kimoja kilipona, kingine kiligoma kunyooka, na alijifunza upya kuandika kwenye kibodi kwa vidole tisa. Polisi walimhoji siku mbili. Nondo alikuwa amepasuka fuvu na alilala siku kumi na moja bila kujitambua, na kila asubuhi ya siku hizo Fundi Waya aliamka akiuliza kama kafa. Hakujua ni jibu lipi alilokuwa analitaka. Mwishowe faili la Fundi Waya lilifungwa: alikuwa akijiokoa.

Kesi ilipofika, yule mkubwa wa karakana alitoa ushahidi, akakiri mbele ya watu kwamba miaka yote alikuwa akisikia. Mama alipoulizwa nani kamuumiza, alisema, "Mwanangu wa kwanza. Nilimzaa kwa siku mbili." Hakuongeza. Nondo alisikiliza ameketi, goti limenyooshwa mbele, akapewa miaka kumi na mbili.

Ungedhani yameishia hapo. Hayakuishia. Baada ya miezi minne mama alifunga sabuni na fulana mbili kwenye mfuko, akaenda gerezani kumtazama. Mdogo alipoambiwa, siku hiyohiyo kwenye kompyuta ileile, alikata simu. Hakupokea tena. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu. Mama alikuwa anakaa mbele ya kioo saa zilezile, anapiga, inaita mpaka inachoka.

Mdogo alimpigia Fundi Waya badala yake. "Dada, wewe hujamkasirikia mama? Baada ya mkono wako?"

Fundi Waya alikuwa kwenye ofisi ya mteja, chini ya dawati, nyaya shingoni. Alikaa chini kabisa. "Nimemkasirikia. Nilimwambia kabisa, mama, umenivunja moyo. Lakini kaka, nikwambie kitu ambacho sijamwambia mtu. Nondo alipokuwa ameshalala chini, mimi niliendelea kupiga. Nilijua amelala. Kama si mama yako kuniambia basi, ningekuwa ndani mimi. Huu mkono wa kulia ndio mzima, na ndio ninaouogopa."

"Sikwambii umsamehe kaka yako," aliendelea. "Mimi mwenyewe sijamsamehe. Nakwambia mpigie mama yako. Ile simu niliiweka kwa ajili yako, sikuiweka kwa ajili ya Nondo."

Jumapili ile Fundi Waya alikuwa kwa mkunga, amekuja kubadilisha kamera, kompyuta ilipoanza kuita yenyewe. Mama alifuta mikono, akakaa. Mdogo alitokea akiwa na kofia yake ya kiwandani, tanuri zikinguruma nyuma. Walisalimiana kama watu wa mbali. Akauliza bega, akajibiwa. Akauliza paa, akajibiwa karakana wamekuja kuliziba.

Kisha akauliza, akitazama pembeni, "Alisema nini, ulipokwenda?"

"Hakusema. Aliniuliza kama mkono umepona, nikamwambia bado. Tukakaa mpaka kengele ikalia."

"Unakwenda tena lini?"

"Mwezi ujao."

Mdogo alikaza taya. Jicho lake moja lilikuwa limelowa, lakini sauti haikutikisika. "Basi nenda. Ila usimwambie habari zangu. Hata moja."

"Hajauliza," mama alisema.